Miezi minane na programu ya kutabiri bei ya mahindi, mpakani Busia

Huu ni mwaka wangu wa 16 nikinunua na kuuza mahindi na maharage Busia, upande wa Uganda. Stoo yangu haiko mbali na mtaa wa Sofia. Hubeba magunia 200 ikijaa, na ni nadra kujaa. Tangu Machi nalipa shilingi 15,000 za Uganda kila mwezi kwa programu ya simu inayotabiri bei za mazao kwa akili mnemba. Jina lake sitaliandika. Kampuni ni changa, baadhi ya makosa niliyoyakuta wameshayarekebisha, na wafanyabiashara wa nafaka wa hapa mpakani wataitambua kwa maelezo tu, maana sote tunaiita "ile ya utabiri". Naandika kwa kuwa kila wiki mtu huingia stoo akaniuliza kama ajiunge, na jibu ninalompa mwenye lori ni tofauti na ninalompa mama mwenye magunia matatu.

Kila Ijumaa asubuhi huleta ujumbe, kwa WhatsApp au kwa meseji ya kawaida kama simu yako ni ile ndogo ya vibonyezo. Hutaja zao, soko, bei ya leo, kisha bei za mbele: wiki moja, wiki nne, wiki kumi na mbili. Kila bei ya mbele ina chini yake na juu yake, na wanaahidi kwamba mara nane kati ya kumi bei halisi itaangukia humo ndani. Kijana wao aliyekuja kutufundisha alieleza kwamba kompyuta imelishwa bei za miaka mingi za masoko kama Kisenyi ya Kampala, Masindi, Iganga na hapa kwetu, mvua inayokadiriwa kwa setelaiti, ukijani wa mashamba unaoonekana kutoka angani, bei ya dizeli, na thamani ya shilingi ya Kenya ikilinganishwa na yetu. Inapekua miaka yote hiyo kutafuta kinachofuatana na kingine: mvua ilipochelewa Aprili, Julai bei ilifanya nini? Nilimuuliza setelaiti inaonaje shamba la robo eka lenye mahindi na maharage yamechanganywa, tena mwezi wa mawingu. Alikiri kwamba wingu likifunika, picha za kawaida hazioni kitu, na kwamba mashamba yetu madogo huisumbua kuliko yale makubwa ya Kenya, ya Trans Nzoia na Uasin Gishu. Nilipenda alivyokiri. Wengi wanaokuja na vitu vya simu hawakiri lolote.

Mtoto wa kaka yangu anasoma uchumi Makerere. Nilipomwonyesha alisema, "Shangazi, usiiamini wala usiikatae. Iandike." Akanichorea daftari lenye safu tatu. Ya kwanza, programu ilisema nini. Ya pili, bei ilikuja kuwa ngapi kwenye mizani yangu. Ya tatu ndiyo iliyonifungua macho: bei ya siku ile utabiri ulipotolewa. Hiyo safu ya tatu ni utabiri wa mtu mvivu asiyefikiri kabisa, anayesema kesho itakuwa kama leo. Programu isipomshinda mvivu huyo, pesa yangu inakwenda bure.

Nimeandika Ijumaa 34 bila kuruka hata moja, hata wiki niliyokuwa Mbale hospitalini na mama.

Kwa wiki moja mbele, programu ilikuwa karibu zaidi na ukweli mara 16, na mvivu mara 18. Kwa maneno mengine, kwa biashara ya wiki hadi wiki haina msaada. Bei ya mahindi haitembei sana ndani ya siku saba, na ikitembea ni kwa sababu malori manne yameingia kutoka Bugiri kwa pamoja, au mnunuzi mmoja wa ng'ambo, upande wa Kenya, amekosa pesa taslimu. Hayo utayajua kwa kusimama pale madalali wanaposimama saa moja asubuhi.

Kwa wiki nne mbele mambo yanabadilika. Kati ya tabiri 31, programu ilimshinda mvivu mara 21. Hapo ndipo msimu unapoanza kusema, na msimu wa mpaka huu si rahisi kuusoma kwa sababu ni misimu miwili ya nchi mbili. Mvua zetu za kwanza huanza Machi, mavuno yakaingia Juni mwishoni na Julai. Za pili huja Septemba, mavuno yakakauka Desemba hadi Januari. Katikati yake mahindi ya Bonde la Ufa la Kenya huvunwa Oktoba hadi Desemba, na hayo yakianza kushuka, mnunuzi wa ng'ambo hupunguza mwendo wa kuja kwetu. Mtu anaweza kuijua kalenda hii kichwani, mimi naijua, lakini kukadiria mwaka huu itawahi au itachelewa kwa wiki ngapi ni kazi nyingine, na hapo programu imenisaidia waziwazi.

Mfano ni Juni. Wiki ya kwanza ya mwezi kilo ilikuwa 1,250, nami nilikuwa na magunia 70 niliyotaka kuyashikilia, maana watu walisema itafika 1,400. Programu ilisema wiki nne mbele itakuwa kati ya 880 na 1,000. Nililala na mawazo, asubuhi nikauza yote. Mapema Julai nilinunua mahindi mapya kwa 950. Tofauti ya shilingi 300 kwa kilo, kwenye magunia 70 ya kilo 100, ni milioni 2 na laki 1. Ada ya shule ya watoto wawili ilitoka humo. Lazima niseme pia kwamba mzee jirani yangu, aliye kwenye biashara hii tangu miaka ya magendo, aliuza wiki ileile bila simu yoyote. Alipanda boda hadi mashambani, akatembea kwenye mistari, akagusa nywele za mahindi, akarudi akafungua stoo. Tofauti ni kwamba yeye alitumia siku nzima na miaka hamsini. Mimi nilitumia ujumbe mmoja, na yeye hawezi kuwa kwenye mashamba ya Iganga, Masindi na Kiryandongo kwa asubuhi moja.

Sasa wiki kumi na mbili. Tabiri 23, na bei halisi iliangukia ndani ya mipaka yao mara 13 tu. Walichoahidi, mara nane kati ya kumi, kingekuwa kama 18. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na nawaomba walisome vizuri wakilifikia. Kumwambia mtu hujui sana hakumuumizi. Kumpa mipaka myembamba kuliko ujuzi wako kunamfanya akope akijiona salama.

Nadhani najua kwa nini inajiamini mno. Mvua na mavuno vina historia ndefu ya kujifunza. Lakini mpakani bei huvunjwa na karatasi iliyotiwa sahihi mbali na shamba. Machi 5, 2021 mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu. Nilikuwepo. Foleni ya malori ilikuwa ndefu, jua kali, mahindi chini ya turubai. Zuio liliondolewa baada ya siku chache, kwa masharti ya kusajiliwa na kuwa na cheti kinachoonyesha sumu iko chini ya sehemu 10 kwa bilioni, lakini aliyekuwa na mkopo wa kila wiki alishauza kwa hasara. Mwaka 2023 malori ya mahindi ya Uganda yakazuiliwa Sudan Kusini kwa jambo hilohilo. Mei 2017 Kenya iliruhusu mahindi yasiyotozwa ushuru, meli kutoka Mexico ikatia nanga Mombasa. Siku za namna hii ni chache katika takwimu za miaka ishirini, kwa hiyo kompyuta haina pa kujifunzia.

Na pesa. Januari 2024 dola moja ilikuwa kama shilingi 160 za Kenya. Mwisho wa Machi ilikuwa kama 131. Kwa sisi wa Busia hiyo ni kusema shilingi moja ya Kenya iliruka kutoka karibu 24 zetu hadi zaidi ya 29 ndani ya wiki chache. Mkenya aliyekuja na noti zilezile alinunua mahindi mengi zaidi kwangu, na hakuna jani lolote shambani lililobadilika rangi. Programu ina ukurasa unaoonyesha tabiri za miaka ya nyuma, nikautazama mwaka huo: mstari wa utabiri na mstari wa bei halisi vimelaliana kama vidole. Nikafurahi, nikampigia mwanafunzi wetu. Akaniuliza, "Shangazi, huo utabiri walikuwa nao Januari 2024, au wameuchora baadaye kompyuta ikiwa imeshaona jibu?" Nikapiga simu ya kampuni. Binti aliyepokea akasema, "Ni wa kujaribia, Mama, umechorwa baadaye." Wangeliandika hilo hapo hapo kwenye ukurasa. Mtu anayeamua kulipa anauangalia ukurasa ule kuliko mwingine wowote.

Kosa lililonigharimu hasa lilikuwa dogo kuliko hayo. Uganda gunia la mahindi ni kilo 100. Kenya ni kilo 90. Kila mtu mpakani anajua hivyo, hata mtoto anayesukuma toroli. Programu, hadi Septemba, ilikuwa inaandika "gunia" pande zote mbili. Wiki moja ilionyesha Busia ya Kenya shilingi 3,600 kwa gunia. Nilikuwa nimechoka, nikafuata hesabu yao: mara 28, sawa na 100,800 zetu. Mahindi yangu yalikuwa 1,020 kwa kilo, gunia 102,000. Nikaona hasara, nikalirudisha lori. Usiku ndipo nikakumbuka. Zile 3,600 zilikuwa za kilo 90, na kilo 90 kwangu ni 91,800. Kulikuwa na faida ya 9,000 kwa gunia kabla ya usafiri na gharama za mpakani, na jirani yangu aliyevusha yake ndiye aliyeipata. Niliwaandikia kwa hasira, wakajibu kwa heshima, na baada ya wiki mbili bei zote zikawa kwa kilo. Nawashukuru kwa hilo. Lakini inaonyesha kwamba mtu aliyeijenga hajawahi kusimama kwenye mizani ya Busia, na kitu cha namna hii hakirekebishwi kwa kuongeza kompyuta.

Maharage nayafupisha: msilipie. Programu inasema "maharage", bei moja. Aina ya nambale ina bei yake, ya njano ina yake, kanyebwa ina yake, na siku nyingine tofauti kati yao ni kubwa kuliko faida yangu ya mwezi. Kwa nyota, naipa tatu kati ya tano kwa mahindi, na moja kwa maharage.

Kuna jambo lililonishughulisha zaidi ya makosa yote, kwa sababu si la kurekebishwa na fundi. Chama chetu cha kuweka na kukopa kina wanachama 22, na kufikia mwezi wa Agosti, kumi na wanne kati yetu tulikuwa tunapokea ujumbe uleule. Wiki moja ulisema bei itapanda hadi Septemba katikati, kisha itashuka. Wote kumi na wanne tukafunga stoo. Mahindi yakaadimika, bei ikapanda mapema kuliko ilivyosemwa. Kisha mmoja akafungua, wa pili akaona, na kwa siku tatu tulikuwa wote sokoni tukiwaita wanunuzi walewale. Bei ilishuka kabla ya Septemba kufika. Utabiri ulikuwa sahihi siku ulipotolewa. Sisi tuliousoma ndio tuliouharibu. Mwanafunzi wetu aliponisikiliza alicheka kwa furaha ya msomi, akasema mwanauchumi Mmarekani, John Muth, aliandika mwaka 1961 kwamba matarajio ya watu wenyewe ni sehemu ya soko, na kwamba alilifafanua kwa mfano wa mazao: mkulima hupanda leo akitazamia bei ya msimu ujao, na kutazamia kwake ndiko kunakoitengeneza bei hiyo. Niliwauliza kampuni kama kompyuta yao inahesabu ni watu wangapi Busia wanaousoma ujumbe wake. Walisema wanalifikiria. Ningependa walifikirie haraka, maana wakifanikiwa kupata wateja 500 hapa, kila wiki itakuwa kama ile ya Agosti.

Sasa yule mama wa magunia matatu. Yupo, ni mteja wangu, analima nje kidogo ya mji, na aliniuliza Julai kama alipe. Nilimwonyesha ujumbe: kilo kwa shilingi 900 wiki ile, na wiki kumi na mbili mbele huenda 1,050 hadi 1,200. Akausoma taratibu, akaniambia, "Dada, mimi najua itapanda. Hupanda kila mwaka. Mtoto amerudishwa nyumbani leo kwa ada." Nikapima magunia yake, nikalipa. Kwa mtu kama huyo utabiri hauna kazi mpaka awe na uwezo wa kungoja. Hapo ng'ambo, Bungoma, watafiti Marshall Burke, Lauren Bergquist na Edward Miguel walichapisha mwaka 2019 matokeo ya kuwapa wakulima mkopo wakati wa mavuno: waliopata mkopo waliweza kuhifadhi mahindi, wakauza bei ilipopanda, na mapato yao yakaongezeka. Kilichowakwamisha ni pesa ya siku ile, na programu ya 15,000 kwa mwezi inaichukua pesa hiyohiyo.

Sisemi habari ya bei haimsaidii mkulima. Miaka ya 2000 bei zilikuwa zinasomwa redioni wilaya nyingi za Uganda, na wachumi Jakob Svensson na David Yanagizawa walionyesha mwaka 2009 kwamba katika wilaya hizo wakulima wenye redio waliuza mahindi shambani kwa bei ya juu zaidi kwa karibu asilimia 15. Lakini ile ilikuwa bei ya leo, ya bure, inayomwezesha kumwambia dalali "unanidanganya". Ningeiomba kampuni hii ifanye hivyo: bei ya leo itoke bure kwa kila simu, kwa Kiswahili, Luganda, Lusamia na Ateso, na sisi wenye stoo tulipie ya mbele. Na Kiswahili chao kitazamwe upya. Mwezi wa Mei tulitumiwa ujumbe unaosema tuko kwenye "soko la dubu". Watu watatu walinipigia kuuliza dubu ameonekana wapi. Semeni bei inashuka.

Jambo jingine wanalolikosa ni unyevu. Ujumbe unakwambia ngoja wiki nne, haukuulizi mahindi yako yana unyevu gani. Kiwango cha Afrika Mashariki ni asilimia 13.5. Mahindi yaliyo juu ya hapo hayangoji wiki nne; yanapata joto, yanaota ukungu, na ile sumu iliyofunga mpaka 2021 inaanzia stoo kama yangu na yako. Swali moja tu kabla ya ushauri, "umepima?", lingeokoa watu.

Nimelipia tena Novemba. Ninachokilipia ni mstari mmoja, ule wa wiki nne, wa mahindi, na nimeshaweka kando ule wa wiki moja na ule wa kumi na mbili. Ijumaa hii umesema kilo itakuwa kati ya 940 na 1,120. Leo ni 1,030, kwa hiyo haujui, na mara hii umesema hivyo kwa uwazi. Nina magunia 62. Asubuhi nimeyapima yote. 22 yalikuwa na unyevu wa 14.6, nimeyauza mchana kwa mwenye kinu anayesaga leoleo. 40 yaliyobaki yako juu ya mbao, mbali na ukuta, na nimeshaandika Ijumaa ya 35.